Nyota za Bi Punda

Mwaka ule mvua iliukataa kabisa mji wa wanyama. Visima vilikauka kimoja baada ya kingine, kikabaki kimoja tu katikati ya mji, na wenyeji wakawa wanapanga foleni hapo huku wakipiga soga. Wasioweza kufika waliletewa maji na Bi Punda. Aliijua kila ngazi ya kila ghorofa: nani ana mgonjwa, nani mtungi wake unavuja, nani hapendi kugongewa mlango asubuhi.

Ndipo Fisi aliporudi kutoka safarini, amevaa suti inayombana tumboni, akaenda moja kwa moja kwa Simba, mkuu wa mji.

"Mheshimiwa, mji wa kisasa hauna foleni," alisema. "Nipe kisima nikisimamie. Nitakizungushia ukuta na kutia mlango wa chuma unaotambua sura. Watu wataagiza maji kwa simu, na mtoa huduma atapewa nyota. Akichelewa, zinakatwa zenyewe. Mwenye chini ya tatu, mlango haumfungukii. Hakuna kupendeleana. Mashine haina mjomba."

"Na picha yangu itakaa wapi?" aliuliza Simba.

"Juu ya mlango, Mheshimiwa. Kubwa kuliko mlango."

Simba akakubali palepale. Sungura, fundi wa mitambo, alimaliza kazi kwa siku tisa, kwa ahadi kwamba yeye na jamaa zake watakunywa kwanza.

Mwanzoni wanyama walifurahi. Walibonyeza simu wakiwa wamelala, na maji yakaja. Aliyekimbia ni Punda. Simu iliyofungwa shingoni mwake ilimpa dakika nane kwa kila nyumba, iwe chini au ghorofa ya sita. Majirani waliozoea kumwamkia sasa walipokea ndoo na kutazama saa. Na kila siku saa sita mchana kisima kilifungwa, simu zote zikisema: "Huduma inaboreshwa kwa ajili yako."

Asubuhi moja alimpelekea maji Mzee Kobe wa ghorofa ya nne. Alimkuta kitandani, midomo imepasuka, hawezi hata kuinua kikombe. Punda akakaa, akamnywesha kidogo kidogo. Aliposhuka, simu ilikuwa imekwisha kumhukumu: nyota mbili.

Mlango wa kisima ukamkataa. Fisi alikuwa amesimama kando, anafuta midomo kwa leso.

"Bwana Fisi, kuna mzee mgonjwa anangoja maji ya jioni."

"Nakuhurumia, Bi Punda. Lakini si mimi, ni mfumo. Jaribu tena baada ya mwezi."

"Baada ya mwezi atakuwa amekufa."

"Hilo nalo tutaliingiza kwenye maoni."

Punda hakwenda mbali. Aliketi nyuma ya ukuta, na kisima kilipofungwa kuboreshwa, masikio yake marefu yakasikia maji yakimwagika na mtu akiimba. Fisi alikuwa anaoga.

Punda akamwendea Sungura.

"Hata mimi niliyeahidiwa kunywa kwanza naambiwa nisubiri," Sungura alisema kwa uchungu. "Leo siku ya kumi na mbili."

"Mlango unamtambuaje Fisi?"

"Kama unavyokutambua wewe. Yumo kwenye orodha ya watoa huduma, tena alitaka jina lake liwe la kwanza. Anaweza kupewa nyota, ila hakuna aliyewahi kufikiria kumpa." Sungura akamsogelea sikioni. "Na mlango huuliza nyota kuingia na kutoka."

Punda akapanda ngazi zote za mji, bila ndoo, bila kutazama saa, akisema alichosikia kisimani na kwa Sungura. Wengine waliona haya kumtazama usoni. Mama Ngiri alimtaka radhi, akatoa jagi la maji yake apelekewe Kobe.

Kesho yake saa sita na robo, Fisi akiwa majini hadi shingoni, simu zilibonyezwa mji mzima. Nyota moja. Nyota moja. Nyota moja.

Fisi akajikausha, akasimama mbele ya mlango. Haukufunguka. Akaubembeleza, akautukana, mwishowe akampigia Simba.

Simba alikuja kwa madaha, akasimama chini ya picha yake mwenyewe. "Sura haitambuliki," mlango ulimwambia kwa sauti laini. "Tafadhali punguza nywele."

Tangu azaliwe, Simba hakuwahi kuambiwa hivyo. Akaung'oa mlango kwa kofi moja, na Fisi akaonekana mbele ya mji mzima wenye kiu, tumbo linagusa chini.

"Nilikuwa nakagua ubora," alisema Fisi.

Simba akamwonyesha njia ya kutoka mjini, naye akaifuata mbio, suti kinywani. Baadaye Simba alitangaza kwamba wazo la kuondoa mlango lilikuwa lake tangu mwanzo. Watu walikuwa wanakunywa. Hawakuwa na nafasi ya kumbishia.

Punda alijaza ndoo zake, akapanda hadi ghorofa ya nne.

"Leo umechelewa," alisema Mzee Kobe.

"Nimechelewa, mzee wangu," alisema Punda, akavuta kiti. "Kunywa taratibu."