Koti Kwenye Kiti cha Afisa

Wapendwa, kaeni. Najua mnashangaa kuniona nimesimama hapa na shati tupu, na baridi hii ya kwetu. Mzee wa kanisa ameshaniuliza mara mbili koti langu liko wapi. Nitalifikia hilo koti. Kwanza nina mama mmoja nataka mumsikie, maana amenikosesha raha tangu jana.

Alikuwepo mama mmoja, mkaanga karanga. Si wale wa kutembeza kwenye sinia, hapana. Yeye na wajane wenzake watano walijinyima mpaka wakapata mashine ya kusaga siagi ya karanga. Wakaiweka kwenye chumba chenye sakafu ya saruji, wakajaza magunia tisa wakati wa mavuno, wakatafuta na chupa zenye vifuniko vyekundu. Wenye maduka mjini wakaonja, wakalamba vidole, wakasema, "Mama, siagi ni tamu. Leseni iko wapi?"

Leseni! Basi mama akafunga safari kwenda wilayani. Akaambiwa alete barua ya kijiji, akaleta. Akaambiwa wote sita wakapimwe afya, wakapimwa. Akaambiwa anunue mtungi wa kuzimia moto. Mtungi wa kuzimia moto, wapendwa, kwa ajili ya sufuria ya karanga! Akanunua, akautundika ukutani, mkaguzi akaja akautazama, akaondoka. Mwisho karani akamwambia, "Sasa imebaki kwa Afisa Biashara mwenyewe. Leseni hukabidhiwa Jumanne tu. Njoo Jumanne."

Jumanne ikafika. Mama akaamka alfajiri. Huyu mama alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya shule ya kijiji, kwa hiyo alipitia shuleni kwanza, akaacha sweta lake kitini watu wajue ofisi ina mwenyewe, akabeba mkoba wake, akapanda gari. Saa tatu yuko wilayani. Mlango wa Afisa uko wazi. Meza ipo, kiti kipo, na kwenye kiti limetundikwa koti jeusi la suti.

"Afisa yupo?"

"Yupo," akasema karani. "Si unaona koti?"

"Koti naliona. Mwenye koti je?"

"Hayuko mbali, mama. Kaa hapo kwenye benchi."

Akakaa. Mnaijua ile benchi? Ile inayoyumba mguu mmoja, ukiinuka wewe mwenzako anataka kuanguka? Akakaa hapo mpaka saa tisa na nusu, karani akafunga dirisha, akasema, "Njoo Jumanne ijayo."

Jumanne ijayo akaja. Koti lipo, mtu hayupo. Jumanne ya tatu koti lilikuwa limeanza kushika vumbi mabegani. Jumanne ya nne mama alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo koti." Watu wa kwenye benchi wakacheka. Akamgeukia karani. "Mwanangu, nikiliachia hili koti karatasi zangu, litanipa leseni?"

"Mama, usinigombeze mimi. Mimi nami nimeajiriwa."

Alikuwa na haki ya kukasirika, mama yule. Mvua zilikuwa zimeanza kule kijijini. Chumba kile cha mashine kilivuja pembeni, na karanga na unyevu haviendi pamoja. Wajane wakimwona anashuka kwenye gari hawakuuliza tena, walimtazama mikono tu. Jioni moja mmoja wao alifungua gunia, akanusa, akalifunga tena. Kuvu. Karanga ikiota kuvu humpi hata kuku. Jumanne ya tano, magunia mawili yameoza. Ya sita, manne.

Jumanne ya saba mama hakwenda kuomba. Alikwenda kugomba. Alifika pale mlangoni, na siku hiyo koti halikuwa kitini, lilikuwa limevaliwa. Mtu alikuwa ndani yake, mwanamume wa makamo, macho mekundu, ameegemeza viwiko mezani.

"Wewe ndiye mwenye koti?"

"Ndimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai! Nimekaa Jumanne sita. Magunia manne yameoza. Wajane wamekaa wanaitazama mashine, na wewe una koti linalokuja kazini badala yako! Hivi kila Jumanne unakwenda wapi?"

Yule Afisa hakupandisha sauti. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua droo, akatoa karatasi. Ilikuwa leseni, imesainiwa, imegongwa, tarehe ile ya Jumanne ya kwanza. Muda wote ilikuwa humo, mwendo wa hatua nne kutoka kwenye benchi, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu asiyekuwepo.

"Nisamehe, mama yangu," akasema. "Ilikuwa tayari, niliisaini kabla sijaondoka. Mimi nilikuwa nahangaikia mtoto. Binti yangu yuko darasa la saba. Alikuwa akilelewa na bibi yake kijijini, bibi akafariki, nikamleta hapa kwangu. Shule ya hapa haimpokei bila barua ya uhamisho. Nikaenda shule ya kule, wakanipa orodha ya gharama za uendeshaji. Rimu mbili za karatasi, mafagio, mchango wa mlinzi. Nikamaliza zote, mwalimu mkuu akasaini. Ikabaki muhuri wa mwenyekiti wa kamati. Na muhuri huo, mama, hugongwa Jumanne tu."

"Shule gani hiyo?" akauliza mama. Afisa akaitaja. Mama aliyesema hakai, akakaa.

Maana kanuni ile ya muhuri wa Jumanne nani aliitunga? Ni yeye. Aliitunga mwenyewe kwenye kikao, wazazi wasihamishe watoto bila kumaliza michango, akapigiwa makofi. Alipoanza safari zake za wilayani, mwalimu mkuu alimwambia, "Mwenyekiti, tubadilishe basi hiyo siku." Akajibu, "Kubadilisha siku kunahitaji kikao." Kikao hakikuitishwa, kwa sababu mwenyekiti alikuwa anafuatilia leseni.

"Nimekwenda mara sita," Afisa akaendelea. "Kila nikifika nakuta sweta la kijani kwenye kiti. Nikiuliza, naambiwa, 'Yupo. Si unaona sweta?'"

Mama akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "Na leo? Mbona leo hukwenda?"

"Niende kufanya nini, mama? Usajili wa mtihani ulifungwa Ijumaa. Mtoto atakaa nyumbani mpaka mwakani."

Mama akafungua mkoba atie leseni yake. Na mle ndani, wapendwa, kwenye leso, pamoja na kidau chake cha wino, mlikuwa na muhuri wa kamati ya shule. Alikuwa akiubeba kila Jumanne, kwenda na kurudi, watu wasije wakautumia vibaya. Akautoa, akauweka juu ya meza. Afisa akautazama muhuri, akamtazama mama. Kule nje karani akasikika akimwambia mtu mwingine akae kwenye benchi.

Sasa nawauliza ninyi. Nani amemkosea nani hapo?

Nimewaona mlivyokuwa mnacheka. Lilipotajwa koti, nyie wa upande huu mkatikisa vichwa, "Ndio walivyo hao wa ofisini!" Sisemi Afisa hana kosa. Analo, tena kubwa: ufunguo aliondoka nao wa nini? Karani asingeweza kuachiwa? Lakini huyo nimwachie Mungu na mkubwa wake wa kazi. Mimi ninao ninyi hapa.

Sisi tunagombana na mlango tuliofungiwa, na mkononi tumeshika ufunguo wa mlango wa mwenzetu. Wewe mama mweka hazina wa kikundi, uliyesafiri na kitabu cha wanachama. Wewe baba mjumbe wa nyumba kumi, ambaye kijana anakuzungukia kwa barua moja mpaka nafasi ya kazi inapita. Tumeteswa na njoo kesho, tumeilaani, halafu tukipewa kiti kidogo tu, kigoda, tunajifunza njoo kesho upesi kuliko Sala ya Bwana. Hivi ni laana gani hii? Nani alituroga?

Haya. Koti langu.

Koti langu liko ofisini, limetundikwa kwenye kiti tangu Alhamisi. Siku hiyo alikuja binti mmoja wa usharika huu kutaka barua ya kumtambulisha chuoni. Mhudumu akamwambia, "Mchungaji yupo, si unaona koti?" Nilikuwa nyumbani nimelala, wapendwa. Sikuwa mgonjwa. Ijumaa akaja tena, nikapitia mlango wa nyuma kwa sababu nilikuwa na haraka. Jana akaja mara ya tatu, na jana jioni, binti ameshaondoka, ndipo mhudumu akaniambia kwa mara ya kwanza: chuo kinafunga kupokea barua kesho saa nne.

Binti, uko benchi la tatu karibu na dirisha, nimekuona tangu tulipoanza. Mzee wa kanisa, ongoza wimbo wa mwisho na baraka utoe wewe. Binti, inuka twende ofisini.