Vyura Hawakunyamaza

Niwape? Semeni, "Tupe!" Haya, tulieni basi.

Kando ya kinamasi chenye mafunjo na viboko aliishi Sikuzani na mumewe Matimbwa, mtega samaki. Vyura wa pale walilia kutwa kucha, ila mtu akipita tu, kimya.

Jioni moja Matimbwa akarudi, akampa mkewe kambare mnono. Sura ni yake, sauti ni yake, lakini vyura hawakunyamaza. Sikuzani akaingiwa na shaka.

"Mume wangu, umesahau upondo mtumbwini."

Akaenda, akarudi, vyura wanalia tu. Kambare jikoni ananukia. Sikuzani akaonja kipande.

"Umesahau na mgono wako wa kutegea samaki."

Akaenda, akarudi, vyura wanalia tu. Sikuzani akala kipande cha pili.

"Na kofia je?"

Akaenda, akarudi, vyura wanalia tu. Sikuzani akamaliza kambare, akafuta mdomo, akatoka mbio kupitia mafunjo.

"Majirani! Huyu si mume wangu, ni zimwi!"

Vyura hawakunyamaza.

Zimwi likacheka mlangoni. "Rudi nyumbani, mke wangu. Huwasikii vyura? Hata wewe hawakunyamazii."

Mjinga yule! Alimshuku mtu, akasahau kumshuku samaki wa zimwi.

Haya, nanyi mliokuja kwangu jioni hii kwa njia ya kinamasini: vyura walinyamaza?