Panya wa Matambara

Paka unaweza kumjazia sinia la wali hadi tumbo likaribie kugusa sakafu, naye bado akakutazama kama mtu aliyenyimwa. Kinywa kimeshiba, lakini moyo una haja yake. Wazee wetu waliliona hilo wakalitungia methali. Asiyeamini angemwuliza Muhonja wa mtaa wa Baba Dogo, mwaka ule mvua za El Nino zilipoiacha Nairobi chepechepe.

Mumewe, Opicho, alikuwa akifanya kazi katika kisiagi cha unga kando ya mto. Mto ulipofurika, kisiagi kikafungwa, naye akarudi nyumbani na vitu viwili: buti zake za mpira, na paka dume wa rangi ya majivu aliyekuwa akilinda magunia ya mahindi. Walimwita Diwani kwa sababu alitembea kifua mbele na hakuna aliyewahi kumwona akishukuru. Opicho alisema paka huyo amefanya kazi ya kutosha, sasa amestaafu, apewe ale, alale.

Muhonja alimpenda tangu siku ya kwanza. Binti yao wa pekee, Mourine, alikuwa ameajiriwa Thika, na nyumba ilikuwa imepoa. Basi Diwani akalishwa ugali kwa dagaa wa omena, na Jumapili wali kwa supu ya kuku. Alinenepa, manyoya yakang'aa. Lakini jua likianza kutua, wazimu ulimpanda. Alipiga mbio kutoka mlangoni hadi dirishani, akaparamia pazia, akavivuta vitambaa vyeupe vya kufunikia viti na redio ambavyo Muhonja alivifuma kwa mkono wake, mpaka redio ikaanguka. Mtu akipita na slipasi, alirukiwa kifundoni.

Majirani, kama ujuavyo majirani, hawakukosa la kusema. Ndindi, muuza mboga wa ploti ile waliyopanga, aliapa kuwa ni minyoo. Wengine walinong'ona kuhusu jini la mtoni. Muhonja mwenyewe aliamua kuwa ni njaa, akaongeza wali. Diwani naye akaongeza mbio.

Ndipo Mourine alipoleta habari njema: wazazi wa mchumba wake, Muriuki, wangekuja Jumamosi kutoka Murang'a kubisha hodi rasmi. Opicho alimtazama paka, akamtazama mkewe.

"Mama Mourine," akasema, "akimgusa mgeni mmoja tu, anaingia kwenye gunia lile la viazi nyuma ya mlango na kwenda kutupwa mbali, Njiru, siku hiyo hiyo. Ndoa ya mtoto wangu haitavunjwa na paka."

Muhonja alienda jikoni kukata sukuma wiki, akalia kwa uchungu wala asione haya. Nani angemkalia miguuni jioni, Diwani akishaondoka?

Alipomaliza kulia alichukua kitambaa chake akaanza kufuma. Uzi ukateleza sakafuni. Diwani akajibana chini, tumbo likigusa saruji, makalio yakitikisika, macho yote kwenye ncha ya uzi. Muhonja akatulia, akawaza. Kila alichowahi kukivamia paka huyu kilikuwa kikitembea: pindo la rinda, slipasi, pazia likipepea. Kumbe hakuwa na wazimu, wala jini, wala njaa. Alikuwa mwindaji aliyekosa windo.

Akashona panya wa matambara, akamjaza manyoya ya kuku, akamfunga uzi mrefu. Kila jioni alimburura chini ya viti, akimsimamisha, akimficha, mpaka Diwani amkamate na kumng'ata shingo. Hapo ndipo alipompa chakula. Diwani alikula, akajilamba, akalala fofofo. Kufikia Ijumaa vitambaa vilikaa mahali pake.

Opicho aliyaita hayo mambo ya watoto. Jumamosi, mkewe akihangaika na chapati, alimtupa panya yule juu ya kabati ili wageni wasione takataka, kisha akampa Diwani sahani ya pilau iliyojaa pomoni. Alijiambia kwamba aliyeshiba hana vita.

Wageni wakaingia: Baba Muriuki, mzee mwenye usinga wa mkia wa ng'ombe mkononi, na mkewe, Wacera. Mzee alizungumza vizuri, na kila hoja aliisindikiza kwa usinga, huku na huku. Chini ya meza yakachomoza masikio mawili. Makalio yakaanza kutikisika. Opicho aliona, jasho likamtoka. Pilau yote ile! Alimkodolea mkewe macho, kisha akayaelekeza juu ya kabati.

Muhonja alielewa. Alimshusha yule panya, akaufunga uzi kifundoni mwake, akashika birika na kuendelea kumimina chai. Mama wa bibi harusi, ndani ya rinda lake la kanisani, akawa anapita mbele ya wakwe akiburura panya. Diwani akauacha usinga, akamrukia panya, nao wote watatu wakaelekea jikoni.

Muhonja aliporudi sebuleni, Wacera alimwuliza taratibu kilichofungwa mguuni ni nini. Muhonja alitamani ardhi ipasuke, lakini akaeleza yote, tangu kisiagi hadi gunia la Njiru. Wacera alicheka hadi machozi.

"Mama Mourine, huyu mzee wangu tangu astaafu ufundi anakula vizuri kabisa," akasema, "na kila siku anaifungua redio yangu kwa bisibisi anaivuruga. Nami nishonee panya."

Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, na mazungumzo ya ndoa yakaenda kama maji mteremkoni.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, Muhonja alimkuta mumewe amepiga magoti sakafuni na suti yake, akiburura panya chini ya kochi, Diwani akimnyemelea.

"Lakini nilimpa sahani nzima," Opicho akalalamika bila kuinua kichwa.

Muhonja akamkabidhi ncha ya uzi iliyomponyoka, akaketi kuwatazama, furaha imemjaa moyoni. Gunia lilibaki nyuma ya mlango na viazi vyake, kwa maana paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya.