Viazi vya Wachumaji wa Pareto

Jumamosi hiyo jua la Kiamunyi lilichomoza mapema, kana kwamba nalo lilikuwa limealikwa. Chesang alikuwa ameamka kabla yake. Alikuwa ameosha vikombe, akavifuta, kisha akaviosha tena, kwa maana saa nane mchana wanawake wa chama cha kusoma vitabu wangeketi sebuleni mwake kwa mara ya kwanza.

Chama kilikuwa na desturi yake. Mwenyeji aliandaa vitafunio vilivyotoka ndani ya kitabu walichokisoma mwezi huo, kisha akasimama mbele ya meza na kueleza kila sahani ilitoka ukurasa gani. Mwezi uliotangulia walikuwa wamesoma kisa cha harusi. Sue akawaandalia keki ndogo zilizopambwa kwa pete za sukari, wakazipiga picha hata wakasahau kula.

Kupika hakukumtisha Chesang. Kilichomtisha ni kusimama na kueleza. Aliiacha shule akiwa darasa la sita, mwaka ule mama yake alipougua, na siri hiyo hakuwa amemwambia mtu. Alisoma polepole, kidole kikitangulia kila neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hata hivyo, hakuna mwezi alioshindwa kumaliza kitabu. Mikutanoni alinyamaza kama maji mtungini, akicheka tu wengine walipocheka.

Siku moja Mwalimu Winrose, mwenyekiti wao aliyestaafu kazi ya kufundisha, alimkataa mama mmoja aliyetaka kujiunga. "Hapa si gumbaru," alisema, yaani lile darasa la watu wazima wasiojua kusoma. Maneno hayo yalimchoma Chesang kama mwiba. Chama ndicho mahali pekee alipojihisi amerudi darasani. Wakijua, alifikiri, watamtoa.

Kitabu cha mwezi huo kilihusu familia ya wachumaji wa pareto, maua yanayotengenezewa dawa ya kuua wadudu, katika shamba la milimani. Sue alikuwa amemtumia picha ya keki zenye umbo la ua la pareto, petali nyeupe na kitovu cha njano. "Fanya hizi tu, mpenzi," aliandika. "Ni rahisi kama kuchemsha chai. Watu wakiziona, hakuna atakayekuuliza maswali." Maneno ya mwisho ndiyo yaliyompendeza Chesang.

Hakuwa na ovena. Alimwaga mchanga katika sufuria kubwa, akaibandika jikoni, akapanga keki ndani na kuweka makaa juu ya kifuniko. Keki ziliumuka vizuri. Lakini haraka haina baraka. Alizipaka sukari zikiwa bado moto. Petali zikateleza, njano ikaikimbilia nyeupe, na maua yote yakageuka kuwa kama mayai yaliyokanyagwa.

Jirani yake Mugure, ambaye pia alikuwa mwanachama, aliingia kwa mlango wa nyuma akasimama ghafla.

"Mama Micah! Hii ni pareto ama ni ugonjwa wa pareto?"

"Nimeharibu, Mugure. Na saa ndizo hizo zinaenda."

"Haki, na vile Mwalimu anakuja na ile miwani yake! Sasa kitabu kinasema hao watu walikula nini?"

Chesang alikifungua, kidole kikatafuta mstari. "Kinasema, 'Adhuhuri wakala walichokuwa nacho.'"

"Basi! Nani anajua walikuwa na nini?"

Chesang alishika tama. Macho yake yalikuwa kitabuni lakini moyo ulikwisha kufika Molo, kule milimani alikokulia. Aliona ukungu ukiinuka polepole, na shamba la pareto likitokeza jeupe kama lililomwagiwa maziwa. Alimwona marehemu mama yake, kikapu kimefungwa kiunoni, vidole vikicheza juu ya maua bila yeye hata kuyatazama. Alisikia wanawake wakichekana kutoka mstari hadi mstari. Akasikia harufu ya viazi vikipasuka katika sufuria nyeusi chini ya ua wa misonobari, na baridi ikimng'ata masikio.

"Mugure," alisema akiinuka, "si una vile viazi vidogo unavyowapikia kuku?"

"Wee! Wageni wale chakula cha kuku?"

"Nipe sufuria moja. Na kabichi."

Viazi vilichemshwa na maganda yake. Mahindi makavu yakakaangwa katika ule mchanga uliokuwa bado moto, yakaalika moja moja hadi yakawa ya hudhurungi. Chai ikapikwa bila maziwa.

Saa nane wageni waliketi. Sue aliitazama meza, akaitafuta keki yake asiione. Mwalimu Winrose alirekebisha miwani.

"Haya, Chesang. Ukurasa gani?"

Alipiga moyo konde. "Ukurasa wa arobaini na mbili, Mwalimu. Mwandishi hakusema walikula nini. Nitasema mimi, kwa sababu mama yangu alikuwa mchumaji."

Akawaeleza. Viazi vikubwa viliingia guniani vikapanda lori, vidogo vikabaki kwa wachumaji. Maziwa yalienda kuuzwa, ndiyo maana chai ilikuwa ya rangi. Pareto huwasha midomo, kwa hiyo walinawa kwa jivu na kushika kiazi kwa jani la kabichi. "Na aliyekula wa kwanza ni yule mwenye kikapu chepesi kuliko wote."

"Kwa nini yeye?" Sue aliuliza.

"Mama alisema mwenye kikapu kizito amekwisha kushiba furaha."

"Basi nianze mimi!" Mugure alinyoosha mkono. "Nimesoma kurasa ishirini tu!"

Wote waliangua kicheko. Chesang hakucheka.

"Ngoja, Mugure. Kikapu changu ni chepesi kuliko chako. Niliacha shule darasa la sita."

Kicheko kilikatika kama uzi. Mwalimu Winrose alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi ndiye niliyesema yale maneno ya gumbaru."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimesoma kitabu hiki mara mbili. Ule mstari wa adhuhuri niliuruka mara zote mbili." Alichagua kiazi, akakifunga kwa jani la kabichi, akakiweka kiganjani mwa Chesang. "Kula. Halafu utuambie habari za mama yako, kuanzia asubuhi, na usituharakishe. Mimi nitakula wa mwisho."

Chesang alikula, kisha akasimulia. Birika likaisha, likajazwa tena, na hakuna aliyetazama saa. Mama yake hakumwachia shamba wala ng'ombe. Alimwachia adhuhuri za Molo, naye alizihifadhi moyoni miaka yote akidhani hazina kazi, hadi siku alipozihitaji akazikuta nzima. Hakika, akiba haiozi.