Jina la Pili la Nyemo

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni zamani za juzi tu malori yalipokuwa yameshaijua njia, katika kijiji cha Mhungula, nchi ya Ugogo, aliishi mama mmoja jina lake Sechelela. Alikuwa na binti wa miaka miwili, Nyemo. Mwaka ule mvua iligoma. Uwele ukakaukia shambani, kuku wakafa kwa kideri. Nyemo akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu, akaacha kulia. Mtoto anayelia bado ana nguvu; wa kuogopwa ni yule anayenyamaza.

Nesi wa zahanati akampa dawa, akasema, "Mama Nyemo, yangu nimemaliza. Iliyobaki ni kazi ya chungu na mwiko."

Chungu kipo, mwiko upo, cha kupika hakuna!

Basi mjini kulikuwa na kiwanda cha kukamua alizeti na kusaga unga, na mwenye kiwanda aliitwa Bwana Kwilasa. Aliposikia habari za Mhungula akasema, "Watu hawa nanunua alizeti yao kila mwaka. Leo nitakulaje nikashiba?" Akapakia lori: kila mtoto gunia la unga wa lishe na dumu la mafuta. Akaleta na mwalimu wa lishe, dada mmoja wa Mbeya aitwaye Tulinagwe, awafundishe kina mama kupika kwa siku kumi. Si kila tajiri huikumbuka njia ya shambani. Huyu aliikumbuka, Mungu amzidishie.

Sechelela akapokea gunia, akapiga magoti, akalia kwa shukrani. Akalibeba mpaka nyumbani, akaliweka pembeni, na hakulifungua.

Mnashangaa? Ngojeni. Mhungula, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa maziwa kwenye kibuyu, huyanywi mpaka ujue kibuyu utakirudisha na nini. Mama mkwe wake, Bibi Matika, alimfunda hivyo siku ya kuolewa. Na huyo Bibi Matika alishawahi kumnunia shemeji yake miaka sita kwa bakuli moja lililorudi tupu. Sechelela hakuwa na cha kurudisha, hata yai. Akajiambia, "Karanga zangu za bondeni zikikomaa, nitapata cha kujaza. Hapo ndipo nitafungua."

Siku ya nne mwalimu akamuuliza, "Dada, unampikia?" Akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Siku ya saba, unampikia? Ndiyo, mwalimu. Siku ya tisa Tulinagwe akaja mwenyewe mpaka nyumbani, akamwona mtoto alivyokwisha, akaomba aonyeshwe gunia. Uzi wa kiwandani ulikuwa haujaguswa.

"Dada Sechelela, gunia hili halidaiwi!"

"Halidaiwi kwenu, mwalimu. Mimi naishi na watu."

Bibi Matika alikuwa amekaa kizingitini, anasikia yote. Akainuka, akachukua kisu cha mboga, akalichana gunia toka juu mpaka chini. "Mila hii nilipewa na mama yangu," akasema, "na leo naivunja mimi. Anayetaka kucheka anicheke mimi, amwache mkamwana wangu."

Uji ukapikwa. Lakini Sechelela, kwa kutaka unga udumu, aliukoroga mwepesi kama maji ya kunawa. Mtoto akanywa, hali ikabaki ile ile. Kesho yake lori lilikuja kumchukua Tulinagwe. Akaliambia liende. Akakaa kwa Sechelela siku ishirini, akila alichokikuta. Unga wa kutosha, mafuta kijiko, mlenda mkavu uliotwangwa, mpaka uji ushike mwiko. "Tumbo kujaa si mwili kushiba, dada," alikuwa akisema. Kila baada ya muda mfupi alimlisha kijiko kimoja, kisha kingine, hata mtoto alipogeuza uso.

Siku ya kumi na mbili ya zile ishirini, Nyemo akalia. Sechelela naye akalia, Bibi Matika akapiga vigelegele, majirani wakadhani kuna harusi.

Sasa sikilizeni. Mhungula, mtoto aliyerudishwa toka mlangoni mwa kaburi hupewa jina la pili, jina la aliyemrudisha. Jina ni moja, mama hulitamka mara moja, na mtoto huzikwa nalo uzeeni. Siku ya jina ikafika, watu wakajaa uani, Bwana Kwilasa naye akaja toka mjini pamoja na Tulinagwe. Sechelela akatoka na gunia lile lile, limefuliwa, limeshonwa lilipochanwa, ndani yake karanga. Akamkabidhi Bwana Kwilasa kwa mikono miwili.

"Magunia mia nane yametoka kiwandani kwangu," akasema Bwana Kwilasa. "Hili ndilo la kwanza kurudi." Akafuta macho. Kisha akasema, "Mama, sikuja kudai. Ila bila unga ule, bibi angechana nini, na mwalimu angekoroga nini? Na mwalimu mwenyewe nilimleta mimi."

"Ulinileta siku kumi, bosi, nakushukuru," akasema Tulinagwe. "Zile ishirini nilijileta mwenyewe. Unga ulikuwa ndani na mtoto anakwisha. Gunia likachanwa, na mtoto bado anakwisha."

Bibi Matika akakohoa. "Unga kiwandani upo mwingine. Elimu haipungui kwa kufundishwa. Mimi nilikuwa na heshima yangu tu, nimeilinda miaka sabini, nikaichana kwa kisu siku moja."

Ua mzima ukachachamaa. "Bwana Kwilasa kesharudishiwa chombo chake, hadai tena!" "Mwalimu ana mshahara wake!" "Na bibi je? Fundo alilolikata si alilifunga mwenyewe?"

Sechelela akawatazama wote watatu. Aliwapenda wote. Angekuwa na watoto watatu, asingepata taabu. Lakini Nyemo ni mmoja, yuko mgongoni, anamvuta kilemba na kulilia uji. Sechelela akafungua kinywa.

Jina alilolitamka nalijua, na silisemi, maana nilipolisema mahali pengine watu walikesha wakigombana. Semeni ninyi. Mmoja alitoa mali, mmoja alitoa siku zake, mmoja alitoa heshima yake. Je, nani alistahili Nyemo aitwe kwa jina lake?