Ukoko wa Chungu cha Shija

Mtu mmoja, jina lake Shija, alikuwa na wana wawili, binti mmoja, na chungu kikubwa cha udongo. Ikaja njaa, ile ya watu kufungiana milango wakila. Nyumbani kwake nako kila mtu akaanza kuficha chake: huyu konzi ya pumba, yule makopa ya muhogo chini ya kitanda. Shija aliyaona hayo, akaona haya. Akateleka chungu uani, akatia mtama wake wa mbegu, akasema, "Sisi sote chungu kimoja." Binti yake, Nyamizi, ndiye aliyeshika mwiko siku hiyo, na hakusahau kwamba sauti ya baba ilitetemeka.

Wakavitoa vyote walivyoficha, wakavitia. Walikula kidogo kidogo, na hakufa mtoto hata mmoja. Shija alijipakulia mwisho kila siku, akikwangua ukoko, akisema eti ndio aupendao. Mvua iliporudi hakuwa na nguvu ya kushika jembe. Wakamzika.

Wanawe, Maganga na Lugembe, walimlilia kweli kweli. Wakamwita fundi, akachonga juu ya mlango: SISI SOTE CHUNGU KIMOJA. Wageni walisoma, wakasifu. Maneno yakatiwa sauti, yakawa wimbo wa nyumba, na kila mwaka, siku ya kumkumbuka baba, herufi zilipakwa rangi mpya. Chungu chenyewe wakakisugua masizi, wakakitundika ukutani kisije kikavunjika. Kisha Maganga akajenga jiko lake, Lugembe akajenga lake, kila moja na kufuli yake. Hakuna aliyesema wamegawana. Waligawana huku wakiimba.

Nyamizi akafiwa na mumewe, akarudi kwao na watoto. Mwaka huo mvua ikakosa tena, na watoto wake wakaanza kulala na njaa. Hakwenda kuomba kwenye jiko la kaka yeyote. Siku ya kumkumbuka baba, watu wamejaa uani, alikuja na konzi yake ya mwisho ya mtama ndani ya pindo la kanga, akaomba chungu kishushwe, kila mtu atie alicho nacho. Wake za kaka zake wakatazamana. Maganga akamjibu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya:

"Dada, chungu hicho ni cha heshima. Hakipikiwi."

Wakasimama kuimba maneno ya baba. Nyamizi naye aliimba, pindo kalishika mkononi, kwa kuwa aliyapenda maneno yale kuliko wote pale. Machozi yakamtoka. Watu wakanong'onezana, "Mwoneni binti anavyomkumbuka baba yake."

Nanyi mnaojivunia maneno yaliyo juu ya mlango wenu, hebu niambieni: kwenu ukoko anakula nani?