Kidonda Kilichozibwa kwa Unga wa Mbao

Wapendwa, mfano wangu ni mfupi na sitaurudia, kwa hiyo anayesinzia aamshwe na jirani yake.

Palikuwa na fundi seremala mmoja, hodari kweli. Siku moja kibanzi cha mbao ya mninga kilimchoma kiganjani, mkono wa kulia. Alipokivuta, kikakatikia ndani. Akasema kitatoka chenyewe. Siku ya tatu kiganja kilikuwa kimevimba, kina joto, na usaha umeanza kutoka. Naye alikuwa na kabati la bibi harusi, linatakiwa Jumamosi. Kila akishika ubao, anaacha doa. Akifuta, usaha unarudi.

Mkewe alimsihi aende zahanati. Akajibu kwamba kule kuna foleni, na kidonda hakimuumi kiasi hicho, kinamchafulia kazi tu.

Mnajua mafundi wanafanyaje ubao ukiwa na tundu? Wanachanganya unga wa mbao na gundi, wanashindilia, wanapiga msasa, wanapaka vanishi. Mnunuzi hajui kitu. Basi bwana yule akaufanyia mkono wake vivyo hivyo. Akaukausha kwa kitambaa, akatia ile gundi inayoshika papo hapo, akanyunyizia unga wa mbao juu yake. Usaha ukakata. Jioni akamwonyesha mkewe kiganja kikavu.

"Umeona? Kimepona."

Nawauliza ninyi, kilikuwa kimepona?

Ijumaa kabati likakamilika, lakini Jumamosi fundi hakuliona likibebwa. Alikuwa amelala, anatetemeka kwa homa juani saa saba mchana, mtoki umetuna kwapani, na mstari mwekundu umepanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mkewe akamfikisha zahanati. Mganga alipobandua ule unga na kukamua, aliuliza nani alimtuma kuziba.

"Kilikuwa kinatoa uchafu, daktari."

"Mwilini mwako mna askari, mzee. Vijidudu vikiingia wanapigana navyo, na wengi wanakufa. Usaha ni maiti zao. Ulikuwa unaambiwa humu ndani kuna vita, wewe ukafunga mlango."

Akapelekwa hospitali ya wilaya. Uhai ulisalimika. Vidole viwili vilikatwa, na randa hajaishika tena.

Naona mnatikisa vichwa, mnamwona mjinga. Ngojeni kwanza.

Jumapili tatu zilizopita, mama mmoja wa benchi la nyuma alisimama humu katikati ya ibada, akasema mzee mmoja wa kanisa letu amehamisha mpaka na kula shamba lake. Alilia, na maneno yake yalikuwa machafu, sikatai. Sisi tulifanya nini? Tulianzisha pambio. Tukapiga makofi mpaka sauti yake ikapotea, akakaa chini. Tulipotoka tukapongezana kwamba ibada imetulia. Funika kombe mwanaharamu apite.

Ibada ilitulia kweli? Jumapili iliyofuata mama hakuja, na leo hayupo. Kilio chake hakikuwa ugonjwa wetu, ndugu zangu. Kilikuwa kinatuambia tuna ugonjwa, na mpaka sasa umo humu humu, tumekaa nao.

Na aliyeanzisha pambio lile mnamjua. Ni mimi. Naona aibu, na nitamwambia hivyo mama yule. Kesho saa tatu asubuhi nakwenda nyumbani kwake kumsikiliza mpaka amalize. Anayetaka kufuatana nami aje, lakini nyimbo aziache nyumbani.